Mnara wa simu na orodha ya nyimbo: hesabu ni moja, mitego ni miwili

Swali la msomaji: "Nasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa nne. Darasani tumefika kwenye MIMO, yaani antena nyingi za kutuma na za kupokea, na jioni najitengenezea programu ya kupendekeza nyimbo. Mwalimu alituambia hesabu ya mambo haya mawili ni moja. Kwa majaribio nikachukua data ya filamu ya MovieLens 100K, nikajaza sifuri kila palipo wazi, nikaita SVD ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python), inayovunja jedwali la namba kuwa vipande kuanzia chenye nguvu zaidi, nikabakiza vipande 50 vya kwanza. Majibu ni mabovu: alama nyingi ninazotabiri zinakaribia sifuri, na karibu kila mtu anapendekezewa filamu zilezile zinazopendwa na wengi. Je, hesabu ni moja kweli? Nimekosea wapi, na nifanyeje nikirudi kwenye nyimbo?"

Jibu:

Mwalimu wako amesema kweli. Kilichokuangusha ni zile sifuri, na nitazifikia. Kwanza tuone huo umoja wa hesabu, kwa sababu ukishauona kwa macho yako, nusu ya kila somo itakuwa imekufundisha nusu ya jingine.

Kipokezi cha simu kinapata vekta y, namba moja kwa kila antena. Kinaijua matriksi ya njia H, inayosema kila antena ya mnara inasikika kwa nguvu gani kwenye kila antena ya simu. Kinatafuta x, yaani alama zilizotumwa. Kipokezi cha MMSE, kinachotafuta wastani mdogo kabisa wa miraba ya makosa, kinafanya hivi (Hᴴ ni H ambayo safu zake zimegeuzwa nguzo na ishara ya sehemu ya i imegeuzwa, I ni matriksi yenye 1 kwenye mshazari mkuu na sifuri kwingine):

x = (HᴴH + σ²I)⁻¹ Hᴴ y

Mfumo wa mapendekezo nao, kwa msikilizaji mmoja, una vekta za nyimbo alizokwisha kuzipa alama, zimepangwa kwenye matriksi V, safu mlalo moja kwa kila wimbo. Una alama zake r. Unatafuta u, vekta ya ladha yake:

u = (VᵀV + λI)⁻¹ Vᵀ r

Ziweke sambamba. V imekaa pahali pa H, r pahali pa y, ladha pahali pa alama zilizotumwa. Na λ imekaa pahali pa σ², nguvu ya kelele. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulishike. Wanaojifunza mapendekezo huambiwa λ ni namba ya kujaribujaribu hadi ikubali. Kwa mtu wa redio namba hiyo ina maana: ni nguvu ya kelele ukigawanya kwa nguvu ya kile unachokitafuta. Kelele ya msikilizaji ni kwamba leo ameupa wimbo alama 4, kesho angeupa 3, na ladha yake haijabadilika hata chembe.

Sasa tushike mfano mdogo. Chukua matriksi hii ya 2 kwa 2:

1    0.9
0.9  1

Thamani zake singula, yaani mara ngapi inakuza kila mwelekeo wake mkuu, ni 1.9 na 0.1. Ile ya kwanza ni ya mwelekeo wa jumla, pale namba mbili zinapopanda au kushuka pamoja. Ya pili ni ya mwelekeo wa tofauti, pale moja inapopanda na nyingine kushuka.

Tuanze na nyimbo. Safu mlalo hizo mbili ni nyimbo mbili zinazofanana sana. Msikilizaji amezipa alama ambazo, ukishatoa wastani, ni 1.0 na 0.8. Ukitafuta ladha yake bila λ unapata 1.47 na −0.53: anapenda sana sifa ya kwanza na kuichukia ya pili. Badilisha alama zile, ziwe 0.8 na 1.0, ambayo ni tofauti ya siku moja na nyingine tu, na ladha inageuka chini juu: −0.53 na 1.47. Mtu huyohuyo, hukumu mbili zinazopingana. Weka λ = 0.1 na ladha inakuwa 0.55 na 0.37, na kwa alama zilizobadilishwa 0.37 na 0.55. Safari hii zote mbili zinasema jambo moja: anapenda sifa zote mbili, kwa kiasi.

Sasa redio, matriksi ileile. Antena mbili za mnara zinafika kwenye simu zikiwa zinafanana mno. Ukigeuza H moja kwa moja bila kujali kelele, kelele iliyo kwenye mwelekeo wa tofauti unaigawanya kwa 0.1, kwa hiyo inakuzwa mara 10, na nguvu yake mara 100: desibeli 20 zimepotea hapo. Ukitumia MMSE na σ² = 0.01, badala ya kuzidisha kwa 10 unazidisha kwa 0.1/(0.01 + 0.01) = 5. Mwelekeo wa jumla haukuguswa: 1.9/(3.61 + 0.01) ni 0.525, wakati bila σ² ingekuwa 0.526. Dawa inakwenda kwenye kidonda peke yake. Kila thamani singula s inabaki na sehemu s²/(s² + λ) yake: kubwa zinapita karibu nzima, ndogo zinabanwa.

Dawa hiyo ina gharama moja ambayo wanaoiga mifumo ya redio huisahau kila mwaka. MMSE inapunguza ukubwa wa alama. Katika mfano wetu, sehemu ya x inayobaki pahali pake ni wastani wa 0.997 na 0.5, yaani karibu 0.75. Kwenye 16-QAM, mtindo wa kutuma wenye alama 16 tofauti, kila mhimili una alama kwenye −3, −1, 1 na 3, na mpaka kati ya 1 na 3 uko kwenye 2. Ile 3 imeshuka hadi 2.25. Umejisogeza ukingoni kwa mkono wako mwenyewe, na makosa ya biti yataonekana mengi kuliko nadharia inavyosema. Kabla ya kuamua, gawanya kila alama kwa namba yake kwenye mshazari mkuu wa matriksi WH, ambapo W ni kipokezi chako. Kwa QPSK, mtindo wenye alama nne tu, huoni tatizo, maana pale unaangalia ishara ya kujumlisha au kutoa tu. Ndiyo sababu mtu hupima kwa QPSK, akaridhika, kisha akakwama akipanda 16-QAM.

Turudi kwenye sifuri zako. MovieLens 100K ina watu 943, filamu 1,682 na alama 100,000. Nafasi zote ni 1,586,126, kwa hiyo zilizojazwa ni asilimia 6.3. Wastani wa alama zilizopo ni 3.53. Ulipojaza sifuri, wastani wa jedwali zima ulishuka hadi 0.22. Eckart na Young walithibitisha mwaka 1936 kwamba ukibakiza vipande k vya SVD, hakuna matriksi nyingine ya daraja hilo iliyo karibu zaidi na ile uliyoipa. Uliipa bahari ya sifuri yenye visiwa vichache, ikakurudishia bahari. Haikukosea. Ulichoiuliza sicho ulichotaka kujua.

Zile filamu maarufu nazo zina sababu. Matriksi isiyo na namba hasi hata moja, ambayo hukuitoa wastani, kipande chake cha kwanza hubeba zaidi swali la nani ameangalia nyingi na filamu ipi imeangaliwa na wengi. Hicho ndicho kipande chenye nguvu kuliko vyote, kwa hiyo kinatawala orodha ya kila mtu.

Mkanganyiko huu umekuzwa na jina. Oktoba 2006 Netflix ilitangaza dola milioni moja kwa atakayepunguza kosa la mfumo wake kwa asilimia 10. Data ilikuwa alama 100,480,507 kutoka kwa watumiaji 480,189 juu ya filamu 17,770, yaani asilimia 1.2 tu ya nafasi. Desemba ya mwaka huo mshindani aliyejiita Simon Funk alieleza hadharani njia yake: tafuta vekta ya kila mtu na ya kila filamu kwa kupita juu ya alama zilizopo peke yake, na nafasi tupu usiziguse. Zawadi ilitolewa Septemba 2009, na njia za ukoo huo zilikuwa nguzo ya kazi ya washindi. Watu wakaendelea kuiita SVD. Lakini siyo SVD ya kitabu cha aljebra wala ile ya NumPy: vipande vyake havilazimiki kuwa na pembe mraba, na hakuna matriksi kamili inayochambuliwa.

Njia ninayokushauri uanze nayo ni ALS, kubadilishana zamu, kwa sababu kila hatua yake ni ile fomula uliyokwisha kuiona. Toa kwanza wastani wa jumla, kisha mwelekeo wa kila filamu (filamu hii hupewa zaidi au pungufu ya wastani) na wa kila mtu (huyu ni mkarimu, huyu ni mkali). Kinachobaki ndicho r. Weka vekta za filamu za kubahatisha, ndogo, tuseme namba 20 kwa kila filamu zenye mtawanyiko wa 0.1. Zishikilie, mtafutie kila mtu u yake kwa kutumia filamu alizozipa alama tu. Kisha shikilia watu, tafuta filamu kwa fomula hiyohiyo. Zamu 10 hadi 15 zinatosha. Ukichora kosa la alama ulizozificha kwa ajili ya kupima utaona linatulia, na ukiendelea mno linaweza kuanza kupanda.

λ hapa izidishe kwa idadi ya alama za mtu huyo, na upande wa filamu kwa idadi ya alama za filamu. Ukianza na 0.1 mara idadi hutakuwa mbali. Bila kuizidisha, namba moja inayomfaa mwenye alama 20 haimgusi kabisa mwenye alama 500, na ukiiongeza ili imguse huyu wa pili unamnyonga wa kwanza.

Namba za kujipima: kwa mgawanyo wa kubahatisha, wastani pamoja na ile mielekeo miwili peke yake hukupa mzizi wa wastani wa miraba ya makosa wa karibu 0.94. Vekta zako zikikupa 0.93 au 0.92, uko sawasawa. Usidharau tofauti hiyo ndogo, maana orodha ya kumi bora hubadilika kuliko namba hiyo inavyoonyesha. Ukipata 0.6 usifurahi: alama ulizozificha zimevuja kwenye mafunzo, au unapima kwa alama zilezile ulizofundishia.

Redio haina nafasi tupu za namna hii, na hapa ndipo ndugu hawa wawili wanapoachana. H ni ndogo na imejaa: 2 kwa 2, 4 kwa 4, au mnara wa 5G wenye antena 64 ukihudumia simu kadhaa kwa pamoja. Adui yake ni saa. LTE, yaani 4G, ya megahezi 20 ina vibebaji vidogo 1,200 na alama 14 kwa kila milisekunde, yaani nafasi 16,800 ambazo, ukitoa zile za majaribio na za udhibiti, kila moja inataka fomula yetu itatuliwe. 5G ya megahezi 100 yenye nafasi ya kilohezi 30 ina vibebaji 3,276 na alama 14 kila nusu milisekunde: 45,864. Na H yenyewe haikungoji. Abiria aliye kwenye basi la kilomita 100 kwa saa, kwa masafa ya gigahezi 1.8, anapata mhamo wa Doppler (masafa kusogea kwa sababu ya mwendo) wa hezi 167 hivi, na njia yake huzeeka ndani ya milisekunde 2 au 3. Ukipima H ukaitumia baada ya milisekunde 10, unatatua mlinganyo wa basi lililokwisha kupita.

Ndiyo maana mnara hutuma alama za majaribio, ambazo simu inazijua kabla hazijafika. Simu inalinganisha kilichofika na kilichotarajiwa, na uwiano wa viwili hivyo ndio unaoonyesha H. Msikilizaji mpya wa nyimbo hana alama za majaribio, kwa hiyo u yake ni sifuri na atapata orodha ya wastani. Unaweza kuiga mnara: mwonyeshe nyimbo kama kumi anapojiunga. Ila zichague kama mhandisi wa redio. Nyimbo kumi maarufu zinazofanana ni ile matriksi yetu ya 1 na 0.9: umeuliza maswali kumi ukapata jibu moja. Chagua zinazojulikana na wengi lakini vekta zake zinaelekea pande tofauti: taarabu moja, singeli moja, kwaya moja, rumba moja.

SVD ya kweli, ile ya kitabu, mahali pake halali ni upande wa redio. H ikishapimwa, unaandika H = USVᴴ. Mnara ukizidisha data kwa V kabla ya kutuma, na simu ikazidisha kwa Uᴴ baada ya kupokea, njia iliyochanganyikana inakuwa mabomba yanayokwenda sambamba bila kugusana, kila bomba na upana wake s. Kisha unagawa nguvu kwa kanuni ya kumimina maji: bomba pana linapewa kwanza, jembamba linapewa kinachobaki. Kwa H yetu, nguvu 1 na kelele 0.01, bomba la kwanza linachukua 0.9986 na la pili 0.0014. Unapata biti 8.50 kwa kila alama. Ungegawa nusu kwa nusu ungepata 8.09.

Lakini tazama hili. Chukua H nyingine yenye nishati ileile kwa jumla, ila mabomba mawili yana upana sawa. Biti zinakuwa 13.03. Nguvu ya mnara ni ileile, kelele ileile, na umepata zaidi ya biti 4.5 juu, kwa sababu tu njia mbili hazifanani. Ndiyo maana ndani ya mji wenye majengo ya kurudisha mawimbi huku na huko antena nyingi hulipa, na kwenye uwanda mtupu ambako simu inautazama mnara ana kwa ana hulipa kidogo, isipokuwa antena zimepangwa kwa pembe mbili za mawimbi zinazokatana.

Tatizo ni kwamba simu ndiyo inayoijua H ya kushuka, na mnara ndio unaohitaji V. Simu haiwezi kurudisha matriksi nzima kila mara. LTE hutumia orodha ya matriksi zilizokubaliwa mapema, simu ikataja namba yake tu. Wi-Fi ya 802.11ac inaivunja V kuwa mizunguko ya Givens na kurudisha pembe zake zilizopunguzwa kuwa biti chache. Mtu wa mapendekezo angelitambua jambo hili mara moja: ni kubana matriksi ili ipite mlango mwembamba.

Kwenye msimbo wako angalia mambo haya. `np.linalg.svd` inarudisha Vᴴ, siyo V, na ukiisahau hiyo mabomba hayatanyooka. Kwa namba changamano andika `.conj().T`, `.T` peke yake inageuza safu bila kugeuza ishara ya sehemu ya i, na kosa hilo halionekani ukipima kwa H ya namba halisi. Jaribio la kulinasa: chukua H changamano, kokotoa HᴴH, na namba zote za mshazari wake mkuu lazima ziwe halisi na chanya. Usiite `inv`, ile ya kugeuza matriksi. Matriksi iliyo ndani ya mabano ni chanya kwa sababu ya λ, basi tumia Cholesky (njia ya kutatua matriksi za namna hiyo) au `solve`. Na ujue kuunda HᴴH kunaupandisha mraba uwiano wa thamani kubwa kwa ndogo: 19 yetu inakuwa 361. Kwenye kompyuta ya biti 64 hilo ni dogo. Kwenye chipu ya biti chache ni kubwa, na huko hurundika H juu ya σI na kutumia QR, njia ya kuvunja matriksi bila kuunda HᴴH, moja kwa moja.

Nyimbo sasa. Huna nyota, una hesabu ya mara ngapi wimbo umechezwa, na hilo ni swali jingine. Hu, Koren na Volinsky walilijibu mwaka 2008: p iwe 1 kama amesikiliza na 0 kama hajasikiliza, na kila moja ipewe uzito c = 1 + αn, ambapo n ni idadi ya mara. Hapa sifuri inarudi, safari hii kwa haki, kwa sababu ina uzito 1 tu, yaani "labda haupendi, labda haujui". Wao walitumia α = 40 kwa data ya televisheni. Fomula inakuwa

u = (VᵀCV + λI)⁻¹ VᵀCp

na inatisha kwa kuwa nyimbo zote zimo, mpaka uone kwamba VᵀCV = VᵀV + Vᵀ(C − I)V. Sehemu ya kwanza ni moja kwa watu wote, unaikokotoa mara moja kila zamu. Ya pili ina nyimbo alizosikiliza tu. Ukisahau hila hii, programu yako itachukua saa pale inapopaswa kuchukua dakika.

Mwenye saluni anayeuzungusha wimbo mmoja mara 300 kwa wiki atazimeza nyimbo nyingine zote. Tumia log(1 + n) badala ya n, kisha itafute α upya. Aliyeruka wimbo baada ya sekunde 5 hakuusikiliza, usimhesabie.

Na usipime kwa kuficha alama za kubahatisha. Ficha wiki ya mwisho ya kila msikilizaji, fundisha kwa zilizotangulia, kisha hesabu ni nyimbo ngapi kati ya mpya alizozisikiliza wiki ile zimo kwenye kumi zako. Weka pembeni orodha ya nyimbo kumi zilizochezwa zaidi na uipime vivyo hivyo. Ikiwa orodha hiyo inakushinda, rudi uangalie λ na uzito kabla hujaongeza ukubwa wa vekta.